Barua ya wazi: Video ya umma isipokelewe bila manukuu

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, Rukwa na Ruvuma. Makatibu Tawala wa Mikoa. Wakurugenzi wa Halmashauri. Na wote mnaotia saini malipo ya video za elimu kwa umma katika Nyanda za Juu Kusini.

YAH: MANUKUU KWENYE VIDEO ZA AFYA, KILIMO, MIKOPO NA MIKUTANO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Dirisha la maombi likifunguliwa, siku hizi tangazo hutoka kwa video. Ofisa anaeleza kwa dakika nne namna ya kuunda kikundi, nyaraka za kuambatanisha na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Kwenye kioo panaonekana nembo ya halmashauri, jengo la ofisi na mdomo wa ofisa ukichezacheza. Kiziwi, ambaye ile asilimia 2 ni fungu lake pia, anaitazama video yote hadi mwisho na hapati hata tarehe.

Tunaandika sisi tunaohariri video na kuandaa manukuu Mbeya na Iringa. Ombi letu ni moja: video yoyote inayolipiwa na fedha za umma isipokelewe, na malipo ya mwisho yasitoke, mpaka iwe na manukuu yaliyohakikiwa na binadamu, na faili la manukuu likabidhiwe pamoja na video. Yanayofuata ni maelezo ya kazi yenyewe, ili atakayewaambia kwamba haiwezekani au ni ghali mno mjue la kumuuliza.

Manukuu ni yale maandishi yanayopita chini ya picha yakifuata maneno ya msemaji. Wengi wameyazoea kwenye filamu za nje, ambako kazi yake ni kutafsiri. Kwa asiyesikia yana kazi kubwa zaidi: humwambia nani anasema wakati msemaji haonekani, na sauti gani inasikika pale ambapo sauti hiyo ina maana. King'ora cha gari la zimamoto, mlango uliogongwa, watu waliocheka baada ya swali la mwananchi: vyote hivyo huandikwa kwenye mabano ya mraba, kwa maneno mawili au matatu. Ukiandika [muziki] kila sekunde tano unamchosha msomaji. Usipoandika [king'ora] kwenye video ya moto, hataelewa kwa nini watu wanakimbia.

Wanaoyahitaji si viziwi tu. Kuna wenye usikivu hafifu, hasa wazee, ambao hawakuwahi kujifunza Lugha ya Alama na hawatajifunza sasa. Kuna mama aliyekaa kwenye ukumbi wa zahanati mwezi Machi, mvua ikipiga bati, televisheni imefunguliwa sauti hadi mwisho na bado haisikiki. Kule Rungwe, ambako mvua haina haraka ya kuondoka, video isiyo na manukuu kwenye ukumbi wenye paa la bati lisilo na dari ni umeme unaoteketea bure kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Mtatujibu kwamba tayari mnaweka mkalimani wa Lugha ya Alama. Hilo tunalipongeza kwa dhati, na tunaomba liendelee. Lakini kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Kwa kiziwi aliyekulia kwenye Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili, na mkalimani humfikia vizuri kuliko maandishi. Aliyepoteza usikivu ukubwani haelewi alama hata moja, na yeye maandishi ndiyo mlango wake. Weka vyote viwili, kisha angalia visikanyagane. Kosa tunaloliona mara nyingi ni manukuu kupita juu ya mikono ya mkalimani, kwa sababu aliyeyaweka aliyaacha katikati ya chini bila kutazama picha. Mkalimani akiwa kona ya chini kulia, manukuu yasogezwe kushoto na mistari ifupishwe. Kisanduku chake nacho kisiwe cha kubana: miongozo ya Ofcom, msimamizi wa utangazaji wa Uingereza, inataka mkalimani asipungue moja ya sita ya picha. Chini ya hapo vidole na uso havisomeki, hasa kwenye kioo cha simu.

Wajibu wa kisheria mnaujua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 9 na ya 21 zinazungumzia ufikiaji na haki ya kupata habari. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Huko nje, miongozo ya kimataifa ya tovuti iitwayo WCAG imeyaweka manukuu ya video iliyorekodiwa kwenye ngazi ya kwanza kabisa, ngazi A, pamoja na mambo ambayo tovuti ikiyakosa inahesabika haijaanza. Hatutawachosha kwa sheria. Shida iliyopo iko mezani, kwenye hati ya kazi anayopewa mpiga video, ambayo haitaji manukuu popote.

Manukuu yapo ya aina mbili, na ofisi zetu zinahitaji zote mbili. Ya kwanza ni faili la pembeni, la maandishi matupu, lenye kiishio .srt. Mtazamaji huyafungua na kuyafunga apendavyo, YouTube huyasoma, na mtu akitafuta "mkopo wa kikundi Mbozi" maneno yaliyomo yanaweza kusaidia video ipatikane. Faili la video ya dakika kumi halifiki hata kilobaiti 20, kwa hiyo halimgusi mtu kwenye bando. Ya pili ni manukuu yaliyochomwa kwenye picha yenyewe, yasiyoondoka. Hayo ndiyo ya WhatsApp, kwa sababu WhatsApp haibebi faili la pembeni: ukituma video safi kwenye kundi la kata, manukuu yamebaki ofisini. Televisheni ya ukumbini inayocheza video kutoka kwenye flashi mara nyingi husoma faili la pembeni, mradi majina yafanane herufi kwa herufi na yakae kwenye folda moja: chanjo.mp4 na chanjo.srt. Likiitwa "chanjo mpya FINAL 2.srt", televisheni hailioni, na mhudumu atasema kifaa ni kibovu.

Hivi ndivyo faili hilo linavyoonekana ndani, kwa sentensi moja ya video ya kliniki ya watoto:

1
00:00:12,400 --> 00:00:16,800
Chanjo ya surua na rubela hutolewa
mtoto akifikisha miezi 9,

2
00:00:16,900 --> 00:00:19,800
na dozi ya pili akifikisha miezi 18.

Namba ya nukuu, muda wa kuingia na kutoka, maneno, kisha mstari mtupu. Basi. Linaandikwa hata kwa Notepad. Milisekunde hutengwa kwa mkato, si kwa nukta. Ukiweka nukta, baadhi ya mitambo hulikataa faili zima. Ukisahau mstari mtupu kati ya nukuu na nukuu, ya pili humezwa na ya kwanza, na kioo kinajaa namba.

Tazameni tena nukuu ile ya kwanza. Ina herufi 59 pamoja na nafasi, na inakaa kwenye kioo sekunde 4.4. Hiyo ni kama herufi 13 kwa sekunde. Miongozo mingi ya nje hupima kwa maneno kwa dakika, na hapo ndipo wengi hupotea wanapoileta kwenye Kiswahili. Kiingereza kinatumia maneno manne au matano kusema kile sisi tunachokibana kwenye neno moja kama "hatutawapatia". Maneno 160 ya Kiswahili kwa dakika ni mzigo mwingine kabisa. Hesabu herufi. Kwa video ya umma, inayosomwa na mzee, na mwanafunzi wa darasa la nne, na kiziwi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, sisi tunakaa kati ya herufi 12 na 15 kwa sekunde, mistari miwili tu, kila mstari usizidi herufi 37 hadi 42. Nukuu isikae chini ya sekunde moja wala kuzidi saba.

Msemaji akienda kasi kuliko hapo, punguza maneno. Punguza "kwa kweli", "yaani", "niseme tu kwamba", na itifaki ndefu ya salamu iliyokwisha kuonekana kwenye picha. Usipunguze namba, jina la mahali, sharti lolote linaloanza na "ikiwa", wala kikanushi. Na usimsahihishe kiongozi kwenye manukuu. Akitaja tarehe isiyo sahihi, rekodi upya au weka masahihisho yanayoonekana na kusikika kwa wote. Asiyesikia asipate hotuba tofauti na wenzake.

Mahali pa kukata mstari ni ufundi ambao mashine haina. Kata kwenye pumziko la maana. "Kipindi cha pili cha / kupandikiza mpunga" kinamwacha msomaji akining'inia kwenye "cha". Sogeza kiunganishi kiende na jina lake: "Kipindi cha pili / cha kupandikiza mpunga." Mbaya zaidi ni kutenganisha katazo na kinachokatazwa kwenye nukuu mbili. "Msichanganye dawa hii" ikitoka kioo, halafu "na mbolea ya majani" ikaingia peke yake sekunde mbili baadaye, aliyekuwa akimtazama mtoto wake amesoma nusu ya pili tu.

Sasa tuje kwenye mashine, maana ndiyo jibu ambalo mtapewa haraka zaidi: "Siku hizi inajiandika yenyewe." Ni kweli kuna programu zinazosikiliza Kiswahili na kutoa maandishi. Whisper, iliyoachiwa bure na OpenAI mwaka 2022, inakijua Kiswahili, na inaweza kuendeshwa ndani ya Subtitle Edit, programu nyingine ya bure ya kuhariri manukuu kwenye Windows. Tunaitumia kwa rasimu, na inaokoa muda. Rasimu hiyo haifai kwenda kwa wananchi kabla ya kusomwa na mtu neno kwa neno, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake.

Mtego mkubwa ni herufi moja, h. "Hutalipa gharama yoyote" na "Utalipa gharama yoyote" zinatofautiana kwa pumzi. Watu wengi huitamka h hiyo kwa mbali sana, na kwenye kipaza sauti kilichowekwa mbali au penye upepo kama wa Makambako haisikiki kabisa. Mashine huandika ilichosikia, bila kujua kwamba chanjo ni bure. Mama anasoma "Utalipa" na anabaki nyumbani. Vivyo hivyo "hutapigwa faini" na "utapigwa faini". Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza ya uhakiki ni hii: kila kitenzi kinachoanza na hu- au u-, rudi usikilize. Ukibaki na shaka, muulize aliyesema.

Mtego wa pili ni l na r. Kura na kula, mahali na mahari. Kwenye video ya kuhamasisha wananchi kujiandikisha, "nendeni mkapige kula" ni aibu kwa ofisi nzima. Wa tatu ni kupasua maneno: "ana takiwa", "wata kuja", "haku na". Msomaji wa kawaida atalivuka, lakini kwa anayesoma kwa taabu kila pasuko ni kikwazo. Wa nne ni namba: "sita" na "sitini" kwenye kipimo cha kiuatilifu si kitu cha kukisia. Namba zote ziandikwe kwa tarakimu na zilinganishwe na andiko la mtaalamu, si na masikio.

Saa nazo zina balaa lake pale mnapoweka manukuu ya Kiingereza kwa ajili ya wafadhili. "Saa mbili asubuhi" ni saa 8 kwa hesabu ya Kiingereza, na mashine ya kutafsiri huandika 2 bila haya. Mtu mmoja akague saa zote kabla ya kuzitoa. Kwenye manukuu ya Kiswahili acheni saa za Kiswahili kama zilivyosemwa.

Kuna kasoro nyingine inayotuudhi kwa sababu inaonekana ndogo. Wilaya ya Wanging'ombe ina kitone cha juu katikati ya jina lake. Ng'ombe anacho, ng'ambo inacho, king'ora kinacho. Simu na Word hukigeuza kuwa alama iliyopinda bila kukuuliza, na televisheni ikilisoma faili kwa usimbaji (namna kompyuta inavyogeuza herufi kuwa namba) tofauti na uliotumika kulihifadhi, jina la wilaya nzima linageuka "Wangingâ€™ombe". Dawa yake ni mbili: hifadhi faili kwa UTF-8, ambayo huchaguliwa pale pale kwenye kisanduku cha kuhifadhi, na kabla ya kuhifadhi, tafuta alama zote zilizopinda uziweke zilizonyooka. Dakika moja. Ofisi ya mkoa ikitoa orodha moja ya majina ya wilaya, kata na vijiji kwa tahajia iliyokubaliwa, kazi ya kila mhariri itapungua sana, na mwananchi ataona jina la kwao limeandikwa sawasawa.

Manukuu kuachana na sauti ndilo lalamiko la pili tunalolipata. Chanzo huwa kimojawapo kati ya viwili, na kila kimoja kina dalili yake. Yakiitangulia sauti kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, tuseme sekunde 5, basi mtu ameongeza nembo ya kufungulia baada ya manukuu kukamilika. Sogeza nukuu zote kwa pamoja mbele sekunde 5 na umemaliza. Yakianza vizuri kisha yakaachana kidogo kidogo, kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa kila sekunde, haikulingana. Manukuu yaliyotengenezwa kwenye toleo la fremu 23.976 kwa sekunde yakiwekwa kwenye la fremu 25 yatakuwa nje kwa takriban sekunde 25 ifikapo dakika ya kumi. Simu nazo hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka, kwa hiyo geuza video ya simu iwe na kasi moja isiyobadilika kabla ya kuanza kazi. Ikishaharibika, oanisha nukuu ya kwanza na ya mwisho na sauti zake, programu itazivuta zilizo katikati. Kinga ya yote ni nidhamu: manukuu yawe hatua ya mwisho, baada ya mkubwa kuidhinisha picha. Mkurugenzi akiagiza "ongezeni picha ya mradi pale dakika ya pili" baada ya hapo, ajue ameagiza manukuu yapangwe upya.

Kuhusu mwonekano hatuna maneno mengi. Herufi nyeupe juu ya kisanduku cheusi chenye ukolevu wa kama asilimia 75. Herufi nyeupe tupu hupotea kwenye koti la daktari, kwenye viroba vya mbolea na kwenye ukungu wa asubuhi wa Mufindi. WCAG inataka uwiano wa mng'ao usiopungua 4.5 kwa 1, na kisanduku ndicho kinachouhakikisha kwa picha zote. Tumia mwandiko mnene usio na mapambo. Usiandike yote kwa herufi kubwa. WhatsApp huikamua video, na herufi nyembamba huwa za kwanza kuvunjika, kwa hiyo ya kuchoma iwe na herufi kubwa kuliko unavyodhani inatosha: kwenye video ya urefu wa pikseli 1080, herufi ya pikseli 60. Video ya wima ya simu ipunguziwe mstari hadi herufi 24 hivi, na manukuu yainuliwe robo ya picha kutoka chini, maana chini kabisa hufunikwa na jina la akaunti na vitufe. Na tafadhali, yale manukuu ya neno moja moja linalorukaruka kwa rangi, yaliyoshika vijana, yasiingie kwenye video za serikali. Anayesoma polepole hawezi kurudi nyuma kulikamata neno lililokwisha kuruka.

Mikoa yetu ina lugha zake. Mtaalamu akimhoji bibi wa Kyela, akajibu Kinyakyusa, au mzee wa Kilolo akajibu Kihehe, manukuu yasiseme [anaongea Kihehe] yakaishia hapo. Alichosema kitafsiriwe Kiswahili, na mfasiri awe mtu wa lugha hiyo, maana hakuna mashine ya kuaminiwa kwa Kihehe, Kibena, Kisafwa wala Kikinga. Akitoa methali, andikeni maana yake. Ushauri wa mkulima mzee juu ya baridi ya Juni kwenye viazi una thamani ile ile kama wa mtaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, na kuuacha bila maneno ni kumnyima msomaji na kumvunjia heshima aliyeutoa.

Vikao vya moja kwa moja, kama Baraza la Madiwani, ni kazi ya aina nyingine. Kwa Kiswahili, mashine ikiachwa peke yake kwenye ukumbi wenye mwangwi na wasemaji thelathini, haitaandika kitu cha kutegemewa. Tunashauri mkalimani awepo papo hapo, ajenda na kila azimio vionyeshwe kwa maandishi kwenye kioo, na rekodi iwekewe manukuu kamili ndani ya siku tatu za kazi. Taarifa ya habari na hotuba iliyoandikwa hazina kisingizio hicho. Andiko lipo tayari. Kinachobaki ni kulikata na kulipangia muda.

Muda wa kazi ni huu. Video ya sauti safi humchukua mzoefu dakika 8 hadi 10 kwa kila dakika moja ya video, uhakiki ukiwemo. Tangazo la dakika sita ni kazi ya saa moja. Anayeanza atatumia mara tatu yake, kisha atazoea. Sauti chafu huongeza muda kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye ukosi, chenye sponji ya kuzuia upepo, kitajilipa ndani ya wiki chache. Vifaa vingine mnavyo: kompyuta yoyote ya ofisini, Subtitle Edit ya kupangia, VLC ya kukagulia, na FFmpeg ya kuchomea, zote bure. Amri ya kuchoma ni mstari mmoja: ffmpeg -i chanjo.mp4 -vf subtitles=chanjo.srt chanjo_whatsapp.mp4.

Kwa video za zamani, msijaribu kuzirudia zote, mtachoka njiani. Anzeni na zinazobeba tarehe, dozi, fedha au hatari: chanjo, mikopo, vipimo vya viuatilifu, kipindupindu, maporomoko, uandikishaji wa wapiga kura. Sherehe za ufunguzi zisubiri.

Na uhakiki wa mwisho msimwachie aliyeandika manukuu, kwa sababu yeye anajua kilichosemwa na jicho lake litajaza mapengo. Mpeni mtumishi ambaye hajawahi kuiona video. Azime sauti kabisa, aitazame kwenye simu ya kawaida, si kwenye kioo kikubwa cha studio, kisha aulizwe: lini, wapi, kiasi gani, nani anahusika, nini kimekatazwa. Asipoweza kujibu moja, video irudi. Kwa video za afya na za mikopo, mtazamaji huyo awe kiziwi au mwenye usikivu hafifu, aitwe kupitia CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na alipwe posho yake kama mhakiki mwingine yeyote.

Tunapendekeza maneno haya yaingizwe kwenye kila hati ya kazi ya video kuanzia mwaka wa fedha ujao, na mnaweza kuyachukua kama yalivyo: "Mzabuni atakabidhi toleo safi la video lisilo na maandishi, faili la manukuu ya Kiswahili la .srt, kwa usimbaji wa UTF-8, lenye jina sawa na la video, na toleo lenye manukuu yaliyochomwa kwa ajili ya kusambazwa kwa simu. Manukuu yawe na mistari isiyozidi miwili na kasi isiyozidi herufi 15 kwa sekunde, yaonyeshe wasemaji na sauti zenye maana, na yasifunike mkalimani wa Lugha ya Alama. Asilimia 20 ya malipo itabakizwa hadi mhakiki aliyetazama bila sauti athibitishe kwa maandishi."

Ofisa habari yeyote wa halmashauri atakayetaka kufundishwa, tuko tayari kukaa naye siku mbili: ya kwanza kwa kupanga muda na kukata mistari, ya pili kwa kuhakiki rasimu ya mashine. Aje na video moja ya ofisi yake ambayo haijatoka, ili akiondoka awe ameimaliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wahariri wa video na waandaaji wa manukuu,
Mbeya na Iringa.

Nakala: Maofisa habari na maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri zote za Nyanda za Juu Kusini, viongozi wa CHAVITA na SHIVYAWATA (Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania) mikoani.